Wochidogi ya ATmega328P: nataka interapti kwanza halafu ndiyo iriseti, lakini bodi inajiwasha upya muda wote

pampu_kisimani

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hapa. Nina mradi wa kuendesha pampu ya kisima kwa meseji, shamba liko mbali na ninapokaa na usiku kule hakuna mtu. Nimetumia Arduino Nano ile ya ATmega328P, moduli ya GSM ya SIM800L, rilei moja inayovuta kontakta ya pampu, na floti swichi iko juu kwenye tenki. Natuma WASHA pampu inawaka, tenki likijaa floti inabadilika, Nano inaachia rilei halafu inanitumia meseji. Mezani inapiga kazi vizuri kabisa, ila ikikaa shambani siku kadhaa inaganda, unatuma meseji kimya, na kibaya zaidi ikiganda wakati pampu imewaka basi inabaki imewaka hivyohivyo, tenki linafurika, maji ya kisima yanashuka mpaka pampu inazunguka kavu. Pampu ya kuzamisha ikizunguka kavu inaungua na bei yake mnaijua wenyewe.

Nimesoma kuhusu wochidogi (taima ndani ya chipu inayoriseti bodi programu isipoigusa kwa wakati) nikaona ndiyo dawa. Ninachotaka ni kwamba programu ikiganda, kwanza ije interapti (chipu inakatiza programu na kuita fanksheni maalum) iniachie rilei na iandike kwenye EEPROM (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) ilikuwa hatua gani ilipoganda (programu nimeigawa hatua 1 mpaka 6, kila hatua inaandika namba yake kwenye kigeu kinaitwa hatua), baada ya hapo ndiyo bodi ijiriseti yenyewe. Rilei yangu ni ile inayowaka kwa LOW. Nimeandika hivi:

```
volatile uint8_t hatua = 0;

void washa_wochidogi() {
  cli();
  wdt_reset();
  WDTCSR = (1<<WDCE) | (1<<WDE);
  WDTCSR = (1<<WDIE) | (1<<WDE) | WDTO_8S;
  sei();
}

ISR(WDT_vect) {
  digitalWrite(RILEI, HIGH);
  EEPROM.update(0, hatua);
  Serial.println("wochidogi imeuma");
  delay(100);
}
```

Tatizo nikishapakia, bodi inajiwasha upya mfululizo, haifiki hata sekunde moja. Kwenye monita naona "Naanza" "Naanza" "Naanza" na katikati inachomoza herufi w au wo basi. Nimeweka sekunde 8 sasa mbona haisubiri? Au oskileta ya hii Nano ni mbovu?

rejista_8bit

Oskileta haina kosa mkuu. Angalia ule mstari wa pili wa WDTCSR. WDTO_8S siyo sekunde, ni namba tu, thamani yake ni 9, kwa baineri 1001. Imetengenezwa uipe wdt_enable(), ambayo inajua jinsi ya kuipanga, lakini wewe umeimwaga moja kwa moja kwenye rejista. Na hiyo rejista kuanzia biti ya 7 kushuka mpaka 0 imepangwa hivi:

```
WDIF  WDIE  WDP3  WDCE  WDE  WDP2  WDP1  WDP0
```

Zile za WDP ndizo biti za muda. Unaona WDP3 imekaa peke yake kule biti ya 5, haiko na wenzake. Sasa 1001 yako ukiiweka pale, ile 1 ya kushoto inaangukia biti ya 3 ambayo ni WDE. WDE ulikuwa umeshaiwasha mwenyewe kwa hiyo hapo hujaongeza kitu, kinachobaki ni WDP0 tu, na WDP0 ikiwa peke yake maana yake milisekunde 32. Yaani umeomba sekunde 8 umepewa 32 ms, interapti inakuja, zikipita 32 ms nyingine bodi inariseti. Mtindo wako ungefanya kazi mpaka WDTO_2S ambayo ni 7, ndiyo maana watu wengi wanajaribu na sekunde 1 wanaona safi halafu wakipandisha 4 au 8 vurugu inaanza. Andika biti zenyewe:

```
WDTCSR = (1<<WDCE) | (1<<WDE);
WDTCSR = (1<<WDIE) | (1<<WDE) | (1<<WDP3) | (1<<WDP0);
```

Hiyo mistari miwili iache imefuatana, usiweke kitu chochote katikati, hata kuita fanksheni. Ukishaandika WDCE na WDE kwa pamoja una mizunguko minne tu ya kloki ya kuingiza muda mpya, ikipita mlango umefungwa na thamani yako inapuuzwa kimyakimya, hakuna kosa utakaloonyeshwa. cli() umeiweka sahihi kabisa kwa sababu hiyohiyo, interapti nyingine ikijipenyeza pale katikati mizunguko minne imeisha.

Mpangilio uliochagua, yaani WDIE na WDE zote mbili, ndio unaofaa kwa kazi yako. Ukiwasha WDIE peke yake unapata interapti bila kuriseti, ukiwasha WDE peke yake inariseti bila kukuaga. Zikiwa zote, muda ukiisha mara ya kwanza inaingia WDT_vect na chipu yenyewe inafuta WDIE, kwa hiyo muda ukiisha tena bila mtu kuigusa inariseti. Kwa hiyo una sekunde 8 za kwanza, interapti, halafu nyingine 8. Na ukishapanga hivi usije ukaita wdt_enable() mahali popote pengine, ile inaandika rejista nzima upya na inakufutia WDIE, utabaki unashangaa interapti imeenda wapi.

Kuhusu ile w. Ukiwa ndani ya ISR (fanksheni ya interapti) interapti nyingine zote zimefungwa, na Serial inategemea interapti kutoa herufi kwenye foleni, kwa hiyo herufi moja mbili zinapita na zinazobaki zinakaa kwenye foleni mpaka riseti inazikuta hapo. delay() nayo toa, inategemea taima 0 ambayo interapti yake imefungwa, muda wake humo ndani haueleweki. Acha kuachia rilei na EEPROM tu, baiti moja ya EEPROM inachukua kama milisekunde 3.3 haina shida.

nyaya_usiku

Hapo amemaliza mkuu, ila kuna shimo lingine liko mbele yako na kwa Nano za bei rahisi lazima utalikuta. Wochidogi ikishariseti ATmega328P, haijizimi. Alama ya WDRF inawaka kwenye MCUSR (rejista inayoonyesha sababu ya riseti), na WDRF ikiwa imewaka WDE nayo inalazimishwa kuwaka, tena inarudi na muda mfupi kuliko wote, milisekunde 16. Sasa kama setup() yako inaanza na delay(3000) ya kusubiri moduli ya GSM ipate mtandao, hutafika. Itariseti, itawaka, itariseti tena, mpaka utoe umeme.

Na kabla ya setup() kuna butiloda, ile programu ndogo inayopokea programu unayopakia. Nano ambazo kwenye Arduino IDE inabidi uchague "Old Bootloader" ndiyo ipakie, nyingi zina butiloda ile ya zamani ya kilobaiti 2 na haizimi wochidogi, inaanza kusubiri programu mpya na 16 ms inaikuta palepale. Utaona taa ya L inapepesa haraka haraka na bodi imekufa, hata kupakia inagoma. Ukichomoa umeme kabisa ukarudisha inapona, lakini shambani nani atachomoa? Dawa ni kuweka Optiboot, baiti 512 tu na yenyewe inazima wochidogi mwanzoni. Ukiwa na USBasp au hata Arduino nyingine ya kuprogramia, ni kazi ya dakika chache, chagua Nano ya butiloda mpya halafu Burn Bootloader, na hata fyuzi (mipangilio ya kudumu ya chipu) zinarekebishwa humohumo.

Halafu kwenye programu yako weka hii iende kabla ya kitu kingine chochote:

```
uint8_t sababu __attribute__((section(".noinit")));

void soma_sababu(void) __attribute__((naked, used, section(".init3")));
void soma_sababu(void) {
  sababu = MCUSR;
  MCUSR = 0;
  wdt_disable();
}
```

.init3 inatembea kabla ya main(), na sababu imewekwa .noinit ili isifutwe pale vigeu vingine vinapojazwa sifuri. Baadaye ndani ya setup() chapisha hiyo sababu: 1 ni umeme umewashwa, 2 ni kitufe cha riseti, 4 ni umeme ulishuka, 8 ni wochidogi. Ukikuta 0 muda wote ujue butiloda imeshaisafisha MCUSR kabla yako, hapo tegemea ile alama ya EEPROM.

Nisisitize hiyo 4. Ukiwa na SIM800L nina wasiwasi unachoita kuganda nusu yake ni umeme.

pampu_kisimani

Nawashukuru sana wakuu. Nimebadilisha biti, nimeweka Optiboot, nimeweka na ile ya .init3, sasa inatulia, na nikiweka while(1); kwa makusudi rilei inaachia na baada ya muda bodi inaanza upya. EEPROM nayo inaandika.

Sasa kimejitokeza kingine. Ikiwa inatuma meseji, kuna wakati mtandao wa kule ni mzito, moduli inachukua hata nusu dakika kurudisha OK, na wochidogi inauma wakati programu haijaganda, inasubiri tu. Na EEPROM nikisoma naikuta 4 karibu kila mara. Hatua 4 ndiyo hii:

```
gsm.print("AT+CMGS=\"");
gsm.print(namba);
gsm.println("\"");
while (gsm.read() != '>');
gsm.print(ujumbe);
gsm.write(26);
while (!gsm.find("OK"));
```

Niweke wdt_reset() ndani ya hizo while? Au kuna namna ya kupata zaidi ya sekunde 8?

boda_wa_eldy

Zaidi ya 8 haiwezekani kwa chipu hiyo, 1001 ndiyo mwisho. Lakini unaweza kuhesabu kwa interapti, mimi ndivyo nafanya kwa vifaa vyangu vya kupima halijoto:

```
volatile uint8_t mara = 0;

ISR(WDT_vect) {
  if (++mara < 8) {
    WDTCSR |= (1<<WDIE);
  } else {
    digitalWrite(RILEI, HIGH);
    EEPROM.update(0, hatua);
  }
}
```

Kila interapti unairudisha WDIE ndiyo isiriseti, hadi ifike mara ya 8, hapo unaiacha na itariseti yenyewe. Kurudisha WDIE haihitaji ile ngoma ya WDCE, ni kuzima WDE na kubadilisha muda tu ndizo zinalindwa. Halafu kwa loop() unaandika wdt_reset() na mara = 0. Unapata kama dakika moja na ushee. Imenifanyia kazi vizuri sana, jaribu tu.

rejista_8bit

@boda_wa_eldy kwa kipima joto sikatai, kikiganda dakika moja hakuna kinachoharibika. Kwa pampu mimi siikubali, na sababu ziko mbili.

Ya kwanza, datashiti ya ATmega328P yenyewe inasema ukitaka kubaki kwenye mpangilio wa interapti na riseti, WDIE irudishwe baada ya kila interapti lakini isifanyike ndani ya interapti yenyewe, kwa sababu unadhoofisha ulinzi. Na ukifikiria inaleta maana, interapti inaendelea kufanya kazi hata loop() ikiwa imekufa zamani, kwa hiyo anayesema "niko hai" hapo ni mtu asiyejua hali ya programu. Wewe umebaki unategemea kigeu kimoja kwenye RAM kuhesabu sawasawa, na programu ikiharibika vibaya, kwa mfano staki imevamia vigeu, hicho kigeu ndicho cha kwanza kuchafuka. Riseti ya chipu ilivyo bila kuguswa haitegemei RAM hata kidogo, na hata interapti zikiwa zimefungwa kabisa WDT_vect isiitwe, muda wa pili ukiisha inariseti.

Ya pili ni hiyo dakika. Dakika nzima pampu imewaka na hakuna anayeangalia tenki.

@pampu_kisimani na wdt_reset() ndani ya zile while pia usiweke, hilo ndilo kosa naliona kila mahali. while (gsm.read() != '>'); haina mwisho. Moduli ikizimika na kuwaka katikati ya amri, hiyo alama ya > haitakuja milele, na wewe ukiwa umeweka wdt_reset() mule ndani umeiambia wochidogi ilale usingizi palepale ambapo ilitakiwa iamke. EEPROM yako imekuonyesha 4, hiyo ndiyo sehemu inayoganda shambani, interapti imefanya kazi uliyoitaka. Sasa tibu hapo.

Kusubiri kuwe na ukomo. Kwa alama ya > sekunde 3 zinatosha:

```
bool subiri(char alama, unsigned long ukomo) {
  unsigned long mwanzo = millis();
  while (millis() - mwanzo < ukomo) {
    if (gsm.available() && gsm.read() == alama) return true;
  }
  return false;
}
```

Humu ndani hakuna wdt_reset() na haihitajiki, sekunde 3 ni chini ya 8. Ila ile OK ya mwisho inaweza kufika hata dakika moja mtandao ukiwa mbaya, hiyo usiisubiri kabisa. Ukishatuma 26 (alama ya Ctrl+Z ya kumaliza meseji), weka hali = NASUBIRI_OK, andika muda ulioanza, rudi kwenye loop(). Kila mzunguko unachungulia kama OK au ERROR imeingia, ikipita dakika moja hujapata kitu unahesabu meseji imefeli unaendelea na maisha. Na huo muda wote floti inasomwa kila mzunguko, pampu iko mkononi mwako. find() nayo iondoe, inakula muda wake humo ndani bila kukurudishia nafasi.

Kwa hiyo wdt_reset() inabaki sehemu moja tu kwenye programu nzima, mwisho wa loop():

```
void loop() {
  angalia_tenki();
  soma_gsm();
  endesha_meseji();
  if (WDTCSR & (1<<WDIE)) wdt_reset();
}
```

Hiyo if ni muhimu. WDIE ikiwa imefutwa maana yake interapti ilishauma, rilei imeachiwa, alama imeandikwa. Kama loop() ikizinduka baada ya hapo usiipe nafasi ya kuendelea kama vile hakuna kilichotokea, iache iriseti ianze safi.

mzee_wa_kontakta

Vijana mmeongea vizuri mambo ya biti, mimi ni fundi umeme niongeze ya huku kwangu.

Kwanza, usalama wa pampu usiuache kwenye Nano peke yake. Floti swichi ipitishe moja kwa moja kwenye waya wa koili ya kontakta, mfululizo na rilei. Tenki likijaa floti inakata koili, kontakta inaachia, pampu imezima, Nano iwe hai au imekufa. Kama unataka Nano ijue tenki limejaa, nunua floti ya pili au tumia rilei ndogo ya kupeleka taarifa, usichanganye 230 na 5. Na kwa kuzunguka kavu weka kifaa cha kulinda pampu chenye elektrodi mbili ndani ya kisima, maji yakishuka chini ya elektrodi kinakata koili vilevile. Programu iwe juu ya hivyo vyote, ikizingua hakuna kitakachoungua.

Pili, SIM800L. Inataka volti 3.4 mpaka 4.4, na inapotafuta mtandao au kutuma inavuta kwa mikupuo inayofika ampea 2. Waya mwembamba wa kuunganishia wa majaribio hauwezi, voltiji inadondoka ghafla moduli inajizima na kuwaka. Hapo ndipo hiyo alama yenu ya > inapotelea. Weka moduli ya kushushia umeme ya ampea 3, ipange kama volti 4.1, waya mfupi mnene, na kapasita ya mikrofaradi 1000 au zaidi iwe imeshikana na pini za SIM800L yenyewe, isiwe upande wa pili wa boksi. Negativu zote ziungane.

Tatu, na hili naona hamjaligusa. Wochidogi inariseti ATmega, hairiseti SIM800L. Kama aliyeganda ni moduli, Nano itawaka upya itakuta moduli imeganda vilevile, mtaendelea kuzunguka hapo mpaka asubuhi. Unganisha pini ya RST ya SIM800L kwenye pini moja ya Nano.

nyaya_usiku

Mzee amegusa penyewe. Kwa hiyo RST usiipelekee volti 5, moduli hiyo haipendi. Iache pini iwe INPUT muda wote, ukitaka kuriseti unaifanya OUTPUT na LOW kwa robo sekunde hivi, halafu unairudisha INPUT:

```
void riseti_gsm() {
  digitalWrite(RST_GSM, LOW);
  pinMode(RST_GSM, OUTPUT);
  delay(250);
  pinMode(RST_GSM, INPUT);
}
```

Iite mwanzoni mwa setup() kila mara, ili hata wochidogi ikiuma vyote viwili vinaanza pamoja. Ita washa_wochidogi() mwishoni mwa setup(), baada ya kusubiri mtandao, lakini huko nako weka ukomo wa kusubiri.

kuku_na_vifaranga

Samahani kuingilia, mimi nina kipima joto cha banda la vifaranga kinatumia betri. Hii interapti inaweza kuniamsha chipu ikiwa imelala? Nataka ipime kila dakika 10.

boda_wa_eldy

Ndiyo dada/kaka, hiyo ndiyo kazi yake nyingine. Washa WDIE bila WDE, weka SLEEP_MODE_PWR_DOWN, ulale. Oskileta ya wochidogi ni ya kwake, 128 kHz, inaendelea hata kloki kubwa ikizimwa. Chipu ikilala hivyo na wochidogi inavuta kama mikroampea 4 kwa volti 3, lakini ni chipu tupu, ukiwa na Nano nzima taa ya umeme na chipu ya USB zitamaliza betri, tumia Pro Mini ukate taa yake.

Mbili za kuangalia. millis() inasimama ukilala. Na 8 yenyewe ni mizunguko 1048576 ya 128 kHz, yaani sekunde 8.19, kwa hiyo dakika 10 ni kuamka mara 73 siyo 75, na bado inayumba na joto na voltiji. Kwa vifaranga inatosha. Ukitaka saa kamili tafuta chipu ya saa ya DS3231.

pampu_kisimani

Wakuu nimerudi. Nimehamisha kapasita ikakaa kwenye pini za moduli, nimebadilisha waya, RST nimeunganisha, na hatua 4 nimeiandika upya kama alivyoelekeza rejista. Floti ya fundi kwenye koili nayo imeshafungwa, nimeinua kwa mkono kontakta ikaachia bila Nano kuhusika kabisa. Sababu niliyoikuta kwa riseti za nyuma ilikuwa 0, ni Optiboot kama alivyosema nyaya_usiku, natumia EEPROM.

Nimebakiwa na maswali mawili. EEPROM haitachakaa? Na nitajaribuje wochidogi ikiwa shambani bila kupakia programu nyingine?

rejista_8bit

EEPROM ya chipu hii imepangiwa kuandikwa mara 100,000 kwa kila seli, na update() haiandiki kama thamani ni ileile. Hata wochidogi ikiuma kila saa na namba ikibadilika kila mara ni zaidi ya miaka 11. Wala usiwaze. Ila usiandike hatua kwenye EEPROM kila inapobadilika katika loop(), hapo ndipo utaimaliza, iache ndani ya ISR tu. Na ukishaisoma na kuituma iandikie 0, ili ujue inayofuata ni mpya.

Kujaribu, ongeza amri ya meseji, tuseme GANDA, ikubali kutoka namba yako tu. Ikija, hatua = 99 halafu while(1);. Iwe mara moja pampu imezima na mara moja pampu imewaka. Ile ya pampu kuwaka hakikisha umesimama pale kwenye kontakta na saa mkononi: unatakiwa usikie inaachia ndani ya sekunde 8 au 9, Nano ianze upya ndani ya nyingine 8, na SIM800L ikishapata mtandao ikutumie meseji yenye 99. Kontakta ikiachia lakini meseji isije, tatizo liko kwenye riseti_gsm() au umeme wa moduli. Kontakta isipoachia, angalia kama kuna laibrari umeongeza inayoita wdt_enable(), au fyuzi ya WDTON imewashwa, maana hiyo inalazimisha riseti tupu na WDIE inafungwa kwenye 0 hata uiandike vipi.

mzee_wa_kontakta

Na wakati wa hilo jaribio floti ishushe kwanza iwe kama tenki liko tupu, la sivyo floti ndiyo itakata na utadhani ni wochidogi.